Macho Yaliyofuata Kalamu

Masimba,
Barabara ya Keroka.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwanza wewe, halafu naulizia ule mguu wa kushoto ambao Mghoi aliniandikia kwamba umevimba tena tangu mvua zianze. Umeacha kushuka nao mtoni? Najua hujaacha. Nakuomba uache, watu wa kuchota maji wapo. Na wewe Mghoi mdogo wangu, unayemsomea Mama barua hii, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mama akisikia sauti yako imekimbia atajua.

Sisi huku tunaendelea. Kwamboka ameota meno mawili ya chini, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na kila akibebwa na bibi yake lazima amvue kitambaa cha kichwa. Baridi ya huku ni ndugu mmoja na ya mlima wetu wa Vuria. Asubuhi nikitoka nje na ukungu umelala juu ya migomba, kwa muda kidogo huwa sijui niko wapi, mpaka mtu aite kwa Kikisii ndipo nakumbuka. Lugha yao nimeishika sasa. Juzi niliota ndoto nzima kwa Kikisii, ila wewe ulikuwemo na ulikuwa unanijibu kwa Kitaita, na tukaelewana vizuri tu. Chakula nimezoea, ugali wao wa wimbi na mboga yao chungu ya chinsaga, lakini kimanga chetu sijasahau. Ningekipata hata sahani moja ningekula nimesimama.

Mama, najua nimekaa kimya tangu wakati wa kupalilia mahindi. Sikuwa mgonjwa na sikukusahau. Nilikuwa sitaki kukuandikia nusu ya habari. Sasa imebidi, kwa maana yule kijana wa kwetu aliyekuwa anafanya kazi kiwandani huku anarudi Wundanyi mwezi huu, naye atakuja na maneno. Atakuambia Makori amepoteza lori, na kwamba aliyempotezea ni mke wake. Nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwake. Ni kweli. Ni mimi.

Unajua tulipotoka kule kwenye shamba la mkonge, Makori alipata kazi ya kuendesha lori la majani ya chai. Huku kila boma lina chai yake. Wanawake wanachuma, wanabeba vikapu hadi kituoni, majani yanapimwa, halafu lori linapita kituo kwa kituo kuyakusanya na kuyapeleka kiwandani. Njia zenyewe ni udongo mwekundu, mteremko ukiisha unaanza mwingine, na mvua ikinyesha gari linateleza kama limepakwa sabuni. Juu ya magunia ya majani hupanda watu, kina mama wanaokwenda soko la Keroka au wachumaji wanaorudi kwao. Hairuhusiwi, lakini dereva gani atamwacha mama mzee njiani na mkungu wake wa ndizi?

Ile ajali yake nilikuandikia. Kwamboka alikuwa bado kitovu hakijaanguka, na Makori alipanda juu ya lori kufunga turubai, akateleza, akaangukia kichwa. Alilazwa hospitali ya Kisii muda mrefu, na mimi nilikuwa ndani na mtoto mchanga, sikuweza kwenda kumwona. Alirudi na kichwa kilichonyolewa na kopo la vidonge vidogo vyeupe. Akaniambia ni vya kutuliza kichwa. Sikuuliza zaidi. Alikuwa hai, anatembea, anamshika mtoto wake. Ningeuliza nini tena?

Akarudi kazini. Mwanzoni alikuwa anasaidia mafundi, kwa sababu lori lake lilikuwa gereji linatengenezwa giaboksi. Wakati huohuo akaja msimamizi mpya wa magari, Bwana Mutiso, Mkamba, mtu mrefu asiyecheka, zamani alikuwa jeshini. Huyo akaleta mambo ambayo hayajawahi kuonekana Keroka. Kila asubuhi kabla dereva hajapewa ufunguo, lazima asimame mbele yake. Bwana Mutiso anatoa kalamu mfukoni, anaiinua mbele ya uso wa dereva, halafu anaipeleka polepole kushoto, polepole kulia. Kichwa kisigeuke, macho tu ndiyo yafuate. Anasema mtu akiwa hajanywa macho yake hufuata kwa utulivu, kama maji kwenye mfereji. Aliyekunywa, hata kama ametafuna majani ya mpera kuua harufu, macho yake yakifika pembeni huanza kurukaruka kama gurudumu kwenye barabara iliyokatikakatika. Hayo mtu hawezi kuyazuia. Mdomo unaweza kuudanganya, miguu unaweza kuikaza, lakini macho hayaambiwi.

Madereva walimpa jina la Kalamu. Makori alikuwa akirudi jioni anatuigiza kwa kijiko, mpaka mama yake anashika mbavu. Ombati, dereva mzee kuliko wote pale, alikamatwa siku ya kwanza kabisa. Akajitetea, "Bwana Kalamu, hii macho yangu imeoa wanawake wawili, lazima iangalie pande zote." Bwana Mutiso akamjibu bila kutabasamu, "Basi leo iangalie magunia. Nenda ukapakue." Ombati alipakua magunia siku hiyo na kesho yake, na siku ya tatu akaja na macho yametulia. Hata mke wake mkubwa alikuja ofisini kushukuru.

Halafu lori la Makori likatoka gereji.

Mama, mume wangu hanywi. Wewe unamjua, hata kule mkonge wenzake walipokuwa wanakwenda kunywa pombe ya mnazi yeye alibaki na kitabu chake cha nyimbo. Huku wao ni watu wa Sabato, na yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya kalamu huku anawacheka wenzake, na macho yake yakaruka. Bwana Mutiso akarudia. Yakaruka tena. Akaambiwa akapakue.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Kwenye kituo cha chai wanawake walikuwa wananyamaza nikifika, halafu mmoja akasema kwa sauti ya kutaka nisikie, "Na hao ndio wanatuimbisha." Mama mkwe wangu hakula. Huku mama ndiye anayeitwa baba, Mghoi usicheke, nami namwita hivyo, lakini hapa nitamwandika mama mkwe msije mkapotea. Alikaa na sahani yake mpaka chakula kikapoa. Alipofika mwanawe akamwuliza neno moja tu, "Ulikunywa?" Makori akasema, "Sijui macho yangu yana nini."

Nilimnusa, Mama. Nakuambia ukweli wangu wote. Nilimnusa mdomo na shati, na sikupata kitu ila jasho na majani ya chai. Kesho yake mchana, tukiwa shambani, nilichuma chipukizi moja la chai nikamwambia asimame niyaone mwenyewe hayo macho. Kwanza nilimpima mama mkwe. Macho yake yalifuata vizuri, ila yeye mwenyewe alichoka haraka akasema hana siku nzima ya kuangalia jani. Nikampima Kwamboka, naye akafuata na kichwa na mikono na mwisho akalila hilo chipukizi. Nikachuma lingine, nikampima Makori. Katikati yalikuwa sawa. Nilipolipeleka pembeni yakaanza kutetemeka, yanaruka, yanarudi, yanaruka. Na alikuwa nami tangu alfajiri, hajaweka kitu mdomoni ila uji.

Nikamwambia, "Unaumwa." Akasema, "Nimechoka tu." Akachukua kikapu akaenda zake upande wa pili wa shamba.

Basi mambo yakakaa hivyo. Mwenye malori, Mzee Nyabuto, ni mzee wa kanisa letu pia. Alisema yeye hawezi kumpa ufunguo mtu aliyekunywa mpaka atubu mbele ya kanisa, na baada ya kutubu apimwe upya, macho yakiwa safi lori ni lake. Makori alisema atafikiri. Siku moja alikwenda Kisii mjini, akasema anatafuta spea. Akarudi mikono mitupu. Wiki zikapita, na mimi nikaona anaanza kuchangamka kidogo, anambeba mtoto, anapiga mbinja. Nilifurahi. Nilidhani uchovu umemtoka.

Sabato iliyofuata tulikwenda kanisani wote. Nilikuwa upande wa wanawake na mtoto mapajani. Mzee Nyabuto akauliza kama kuna mwenye neno, na Makori akasimama. Akasema, "Ndugu na dada, nilikunywa. Naomba mnisamehe."

Nilihisi kama benchi limeondolewa chini yangu. Mzee Nyabuto akamwuliza, "Ulikunywa nini, kijana wangu?"

"Chang'aa."

"Wapi?"

"Keroka."

"Kwa nani?"

Hapo Makori akanyamaza. Hakutaka kumtaja mtu asiye na kosa. Mwisho akasema, "Jina lake silijui." Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja mzee, akamnong'oneza mwenzake, "Dereva wa Keroka hajui jina la muuza chang'aa. Huyo hajawahi kunywa." Lakini kanisa lilimsamehe. Waliambiana kwamba asiimbishe kwa muda, wakaomba, wakampa mkono mmoja mmoja. Mama mkwe alilia kwa furaha, na mimi nikasimama pale nikiwa sina machozi.

Tulipofika nyumbani nilimwita nyuma ya jikoni, kwenye migomba. Nikamwambia, "Umemwambia Mungu uongo ndani ya nyumba yake. Kwa nini?"

Ndipo akaniambia, Mama. Alisema pale hospitalini, baada ya kuanguka, alishikwa na kifafa. Alishikwa zaidi ya mara moja. Vile vidonge ni vya kuzuia kifafa, si vya kichwa. Daktari alimwambia asikae tena kwenye usukani, asivuke mto peke yake, asiachwe karibu na moto. Naye akaweka maneno hayo moyoni akafunga. Na siku ile aliyokwenda Kisii alikwenda kuuliza kama vidonge vinaweza kuyafanya macho yaruke. Wakamwambia ndiyo, vinaweza, na vinamfanya mtu awe mzito kidogo pia. Wakamwuliza, "Lakini wewe si unaendesha?" Akawaambia yeye ni mkulima.

Nikamwuliza, "Sasa ulevi umeingiaje?"

Akasema, "Mlevi akitubu hupewa mkono. Umeona leo. Mwenye kifafa nani atampa mkono? Watasema kimo kwenye damu yetu. Watasema Kwamboka naye anacho. Nani atamwoa? Na wewe watasema umekileta kutoka kwenu."

Alikuwa anasema kweli. Halafu nikamwambia, "Jumatatu kalamu itakukamata tu."

Akacheka. Akachuma jani la mgomba, kipande chembamba, akanipa. "Nipime." Nikampima. Macho yake yalifuata kama maji, Mama, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, hayakuruka hata mara moja. Kwa dakika hiyo nilifurahi sana, nikasema amepona. Halafu nikamtazama usoni nikaona namna alivyokuwa ananitazama, nikajua.

"Umeacha vidonge," nikasema.

"Tangu siku niliyotoka Kisii. Na sijaanguka. Unaona? Nimepona."

"Hujaanguka wakati wote ulipokuwa unavimeza. Ukiviacha nani ajuaye? Na wale wanaopanda juu ya magunia?"

Mtoto alikuwa analia ndani, akaenda kumchukua.

Jumapili nzima nilichuma chai na sikuona nilichochuma. Wale wanawake wanaopanda lori nawajua kwa majina na watoto wao nawajua. Mmoja ndiye aliyenishika nilipokuwa nazaa. Nikimwangalia Makori anacheza na Kwamboka nasema moyoni, huyu ni mume wangu, aibu yake ni nguo yangu, nitaivuaje barazani? Nikifikiria ule mteremko wa kushukia Masimba, na lile daraja dogo chini yake, nasema, nikinyamaza nitakuwa nimeketi pamoja naye kwenye usukani. Nikaomba aseme mwenyewe. Nililiomba hilo tu.

Jumatatu alipoamka niliamka naye, nikamfunga mtoto mgongoni. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema, "Keroka, pamoja nawe." Tulitembea mpaka tukakaribia sokoni, ndipo nikamwambia, "Usiposema wewe, nitasema mimi."

Akasema, "Hutasema." Hakulisema kwa ukali, Mama. Alilisema kama mtu anayemjua mwenzake, na hilo ndilo liliniuma.

Uwanjani madereva walikuwa wamejipanga. Mzee Nyabuto mwenyewe alikuwepo kwa ajili ya Makori, amevaa koti lake la kanisani, ameshika ufunguo. Bwana Mutiso akatoa kalamu. Akaipeleka huku, akaipeleka kule, akarudia kwa uangalifu kuliko nilivyoona akiwafanyia wengine. Halafu akasema, "Safi. Macho yake hayana neno." Mzee Nyabuto akamwekea Makori ufunguo mkononi akamwambia, "Karibu tena, kijana wangu."

Nikatoka pale ukutani nilipokuwa nimesimama. Nikasema, "Bwana Mutiso, naomba kusema neno."

Ombati akadakia, "Ehe, leo mama nao wapimwe. Wangu pale nyumbani macho yake haifuati mtu mmoja." Wakacheka.

Nilingoja wamalize. Nikasema, "Mume wangu hajawahi kunywa pombe. Ana kifafa tangu alipoanguka kwenye lori. Mlipomkamata macho yalikuwa yanaruka kwa sababu ya dawa. Leo yametulia kwa sababu ameiacha dawa. Leo ndiyo siku ya kumwogopa."

Mtu wa kupuliza matairi alisimamisha pampu yake. Bwana Mutiso aliiangalia kalamu yake, halafu akamgeukia Makori. "Ni kweli?"

Nilijua angeweza kukana. Mimi ni mwanamke, mgeni, nimesimama mbele ya wanaume na mtoto mgongoni. Angesema mke wangu ana wivu, ana wazimu, wangemwamini yeye. Kanisani alikuwa ameshasema uongo mzito kuliko huo. Makori alinitazama mimi, halafu akamtazama Kwamboka aliyekuwa anachungulia begani kwangu. Akasema, "Mke wangu hasemi uongo."

Akauweka ufunguo juu ya boneti ya lori, akaondoka. Hakunisubiri.

Bwana Mutiso alibaki amesimama nami. Akaniambia, "Mama, mimi nilifundishwa kumwona aliyekunywa. Kumwona aliyeacha kunywa dawa sikufundishwa." Siku hizi wanasema kabla hajatoa kalamu anamwuliza kila dereva kwanza, umelala, unaumwa, umemeza nini. Na watu hawapandi tena juu ya magunia katika malori yale, isipokuwa lile la Ombati, ambaye hasikii.

Nyumbani, Mama, nilikuta mvua nyingine. Mama mkwe alisema nimezima moto wa jikoni kwake kwa mate yangu mwenyewe. Akaniuliza, "Huko kwenu ndivyo mnavyowafanyia waume?" Sikumjibu, ni mama wa mtu. Mzee Nyabuto naye akaja na wazee wawili, wakakaa wakasafisha koo, kwa sababu kanisa lilikuwa limemsamehe Makori dhambi asiyoifanya na hawakujua waiandikeje. Mwisho Mzee Nyabuto akasema, "Basi tumwondolee pombe, tumwekee uongo." Makori alicheka kidogo, lakini si kwangu.

Kwangu hakuwa anasema kitu. Alikuwa anampitishia mtoto. "Kwamboka, mwambie mama yako mboga haina chumvi." Nami namwambia mtoto, "Kwamboka, mwambie baba yako chumvi iko kwenye kibuyu." Mtoto anatuangalia wote wawili na kucheka, anadhani ni mchezo. Nikampelekea vidonge na maji, akamwambia mtoto, "Mwambie mama yako sina lori, vidonge ni vya nini." Hilo ndilo lilikuwa linanitia hofu kuliko kuninyamazia.

Ilitokea asubuhi ya soko. Tulikuwa shambani, yeye anapogoa michai ya juu, mimi nachuma mistari ya chini, mama mkwe yuko karibu na njia. Nilisikia panga limeanguka. Nilipoinua macho nikaona tu matawi yanatikisika na yeye haonekani. Nikakimbia. Alikuwa amelala katikati ya mistari, mwili wote umekaza, unarushwarushwa, mdomoni povu. Nikamlaza kwa ubavu, nikaweka kichwa chake juu ya mapaja yangu, nikalisukuma panga mbali kwa mguu. Wachumaji wa shamba la jirani walikuja mbio wakasimama pembeni. Huku, kama kwetu, wanaamini mate ya mtu huyo yanaambukiza. Mmoja akaniita kwa huruma, "Mama Kwamboka, mwache, mwache yaishe."

Mama mkwe alikuja akiwa ameacha kikapu chake njiani. Nilidhani atasimama nao. Alipita katikati yao, akaketi kwenye matope, akamshika mwanawe miguu, halafu akavua kitambaa cha kichwa, akamfuta povu mdomoni kwa mkono wake. Akawageukia wale watu akasema, "Mnaangalia nini? Ni mwanangu."

Ilipoisha alilala kidogo kama mtoto. Tukiwa tumekaa hivyo, sisi wanawake wawili na yeye katikati, tukasikia lori la majani linakuja. Lilikuwa la Ombati, nilijua kwa honi, na kina mama walikuwa juu ya magunia wanakwenda soko wakiimba. Makori alifumbua macho. Hakujua kilichompata, lakini lori alilisikia. Alilisikiliza likianza kushuka mteremko, likipunguza gia, likipita darajani, likipanda upande wa pili, mpaka sauti za wale wanawake zikapotea. Kisha akasema taratibu, "Saa hii ningekuwa mteremkoni."

Mama mkwe aliinama akaanza kumtoa matope kwenye nywele.

Baadaye kidogo akaniangalia, mimi mwenyewe, akasema, "Nipe maji." Nikampa, pamoja na kidonge kilichokuwa kimefungwa kwenye pembe ya leso yangu tangu siku ile alipokikataa. Akakimeza.

Tangu hapo hajakiacha. Tulikwenda Kisii pamoja, nikaingia naye kwa daktari, nikasikia kwa masikio yangu. Daktari anasema vidonge vikishikwa vizuri mtu anaweza kukaa miaka bila kuanguka, anaweza kulima, kujenga, kuzeeka. Usukani ndio basi. Tulipofika Masimba Makori akasimama kuangalia malori yanayopita mpaka nikamshika mkono. Ni huzuni, Mama, sitakuambia si huzuni. Alikuwa dereva kabla hajawa mume wangu. Lakini Mzee Nyabuto amesema kituo cha chai cha hapa karibu kinahitaji mtu wa kushika mzani, mtu ambaye watu wanajua hatawapunja. Baadhi ya wanawake wamesema wanamtaka Makori, kwa sababu mtu akishindwa kutaja jina la muuza chang'aa hata kwa kusingizia, huyo hawezi kuiba majani ya mtu. Bado hajaitikia. Naona ataitikia.

Usinihurumie sana. Usiku ninalala. Mama mkwe siku hizi ananiwekea nyama ya chini ya sufuria, na alipokwenda kumwona binti yake aliyeolewa Nyaramba alimwambia mbele ya watu kwamba mke wa Makori ana kichwa kigumu, akalisema kwa kujisifu. Kiangazi kikija, Mungu akitujalia, tutapanda gari moshi kutoka Kisumu tuje umwone mjukuu wako. Makori atakaa dirishani kama abiria, aambiwe na yeye kwamba tumefika.

Nisalimie mjomba Mwandawiro aliyenisindikiza siku ya ndoa na kulia kuliko wewe, umwambie sijajuta. Msalimie shangazi Mkamburi mkunga wetu, mwambie yale aliyonifundisha ya kumlaza mtu kwa ubavu yamenifaa. Msalimie jirani yetu mzee wa mizinga ya nyuki. Mghoi mdogo wangu, nakusalimu wa mwisho kwa sababu wewe ndiye umechoka kusoma. Usiache shule, na maneno ya ugonjwa wa shemeji yako usiyafiche mtu akikuuliza. Sisi tumeshayatoa nje, hayatuumi kama mwanzo.

Nimekuandikia nimekaa mlangoni, jua la jioni likiwa miguuni kwangu. Nilipofika hapa Makori alikuja akaniuliza kama nimekuandikia yote. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, hata ya kanisani? Nikasema hata hiyo. Akakaa, akaniomba kalamu. Kwa hiyo mstari wa mwisho si wangu, ni wake.

Mimi mwanao akupendaye,
Wakesho.

Mama, shikamoo. Yote aliyoandika ni kweli. Mkweo, Makori.